Ute wa Kidonda

Nilikaa Ilagala siku kumi na moja nikimuuguza dada yangu, na wifi yangu Yunisi nilimwachia kazi moja tu: kila asubuhi asugue kidonda cha mume wangu kwa brashi na spiriti, kama nilivyofanya mimi miezi minne. Gervasi ana sukari. Alijikata kisigino kwa bati, na daktari alishasema kisipoanza kufunga kufikia mwisho wa mwezi, mguu utakatwa. Mimi na uchafu ni paka na panya. Ule ute unaong'aa juu ya kidonda nilikuwa naukwangua mpaka nione damu, ndipo nafunga.

Niliporudi Kasingirima sikuvua hata kanga ya safari, nikauliza brashi iko wapi. Yunisi akasema hajaigusa tangu nilipoondoka. Nilimpa maneno nisiyoweza kuyarudia hapa, nikafungua bendeji.

Nikapigwa na butwaa. Lile shimo lililokuwa likimeza kidole gumba lilikuwa limepungua nusu, nyama mpya imejaa pembeni. Nilishika na mguu wa pili kuhakikisha sijakosea.

Hodi ya Oswald, muuguzi wa zahanati, ilinikuta bado nimeushika. Alinipa shikamoo, akanieleza taratibu. Ndani ya ute ule mna vipande vidogo mno vya protini, peptidi, ambavyo mwili hutumia kupelekeana habari. Vingine huziita chembe za kinga zije kupigana na vijidudu, vingine huziambia basi, sasa ngozi ijengwe. Ute ukinuka au ukibadilika rangi, yeye aitwe.

"Lakini wewe, mama, kila asubuhi ulikuwa unafuta ujumbe kabla haujafika," akasema. "Na spiriti inaunguza nyama changa."

Miezi minne, kwa mikono yangu hii. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilimwambia mzee tangu Pasaka."

Nikamgeukia Gervasi. Alikuwa anatazama sakafu.

"Nilikuogopa, mama Diana," akasema. "Ukishaishika ile brashi huambiliki. Yunisi nilimweleza siku uliyoondoka."

Tangu Pasaka ilikuwa imepita miezi miwili. Mume wangu aliupima mguu wake na ukali wangu, akaona heri mguu ukatwe. Nilitaka kufoka, maana ndiyo njia ninayoijua, lakini nikachukua bendeji, nikakifunga kidonda bila kuugusa ute.