Kiti Kilichofungwa Juu ya Madigadi

Garth Pruitt hakusahau kuweka springi nyuma ya pikipiki yake ya umeme. Alikataa. Huku Michigan, wanaojiundia pikipiki husema springi za nyuma ni za waoga. Lakini kiti chake mwenyewe alikiwekea springi mbili, nene, chini ya ngozi. Cha mkewe Lorna kilikuwa kipande cha sponji kilichofungwa juu ya madigadi. Na Lorna ndiye aliyekuwa na vyuma kwenye uti wa mgongo. Daktari alishamwambia vikilegea hatatembea tena bila magongo.

Kwa pikipiki ya namna hiyo, nafuu pekee ni kupunguza upepo wa tairi. Garth akaujaza mpaka tairi likawa jiwe, ili liviringike kwa wepesi na chaji imfikishe ziwani bila kusimama kuchaji, awazibe midomo wenzake wa pikipiki za petroli waliokutana huko. Lorna alimsihi apunguze. Akaambiwa anadeka.

Barabara ya zege ilikuwa imepasuka kwa baridi ya miezi. Kila ufa ulimpanda Lorna hadi kwenye meno. Alilia kwa sauti, na Garth hakugeuka.

Kwenye kituo cha kwanza cha mapumziko Lorna alishuka, mguu mmoja umekufa ganzi.

"Nipe ufunguo. Wewe kaa nyuma."

"Lorna, acha vituko, mama."

"Kaa nyuma, au narudi kwa miguu na kila mtu ajue kwa nini."

Garth akakaa. Hawakufika mbali akaanza kuguna, kisha kuomba apunguze mwendo. Lorna alipunguza, yeye hakuwa mnyama.

Ziwani Garth alishuka amejipinda. Wenzake wakawazunguka, na mzee Duane, mkubwa wao, akamuuliza safari ya kiti cha nyuma ikoje.

Garth alimtazama mkewe. Akajinyoosha kwa taabu.

"Laini kabisa," alisema. "Lorna ana maneno mengi tu."

Wakacheka. Lorna alimwomba Duane spana, akafungua kile kiti cha nyuma taratibu, akakiweka mikononi mwa mumewe.

"Miezi yote hii nilidhani hujui kinavyoumiza," alisema. "Kumbe hata ukijua ni hivyo hivyo."

Akamwomba lifti mke wa Duane, aliyekuja kwa gari, akapanda, akafunga mlango.