Matone ya Puani

Panya wa kumi na nne alikuwa amelala chali kiganjani mwa Mama Matone, kidevu juu, tone likiningʼinia puani, mtunza bustani alipogonga dirisha la maabara.

"Mama Matone, toka! Mzee wako kaanguka getini."

Alisubiri panya avute pumzi, tone lizame, akaandika saa: mbili na dakika ishirini. Miaka kumi na moja ya kibarua ilikuwa imeufunza mkono umalize kwanza. Ndipo akakimbia.

Mumewe, mlinzi wa geti lile lile, alikuwa amelazwa kwenye benchi la kibanda chake. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia umelegea kama nguo iliyoloa. Huyu ndiye aliyezoea kuwachekesha wenzake kwamba mkewe analipwa kupenga panya makamasi. Sasa alitaka kusema neno, likatoka "ba, ba" na mate.

Mama Matone hakuhitaji kuambiwa ni kiharusi. Kila siku alipokea panya waliozibwa mshipa wa kichwani, wakizunguka huku wanaburuta upande mmoja. Waliotiwa dawa puani mapema, ikapanda moja kwa moja mpaka kwenye ubongo, wengi walitembea tena.

Alimkuta Daktari, mkuu wa utafiti, kwenye korido.

"Pole sana, mama. Awahishwe hospitali. Kila dakika ina maana."

"Kwa gari gani? La hapa si lile limesimama?"

"Hilo ni la waajiriwa. Walinzi wana kampuni yao. Msimamizi wao kapigiwa simu, anakuja."

"Basi nipe ile dawa."

"Haijaruhusiwa kwa binadamu. Akifa, nani atajibu?"

"Wakitiwa ndani ya masaa matatu wananyanyuka, Daktari. Mimi ndiye ninayewatia."

"Hao ni panya."

"Nakuuliza kitu kimoja tu. Dawa ni ipi, A au B?"

Chupa moja ilikuwa na dawa, nyingine maji ya chumvi. Mtiaji hakuruhusiwa kujua ipi ni ipi, asije akapendelea. Daktari alitazama saa yake.

"Siwezi kukwambia. Likivuja hilo, utafiti wote umeharibika." Kisha, kwa upole: "Umebakiza sita. Wakipitiliza muda, tunaanza upya."

Akarudi. Asingerudi, chupa zingefungiwa kwenye friji na ufunguo uko mfukoni mwa Daktari. Aliwatia wote sita, mmoja mmoja, akiandika saa ya kila mmoja. Halafu akatumbukiza chupa zote mbili mfukoni mwa koti lake jeupe.

Saa nne kasoro gari la kampuni lilikuwa bado. Alikilaza kichwa cha mumewe pajani, akakiinua kidevu. Panya mmoja, matone matano. Hesabu ya mtu mzima hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Vuta pumzi, baba watoto. Taratibu."

Tundu la kulia A, la kushoto B, tone kwa tone, mpaka chupa zikakauka. Mumewe alikohoa, jicho moja likamwaga machozi.

Gari lilifika saa sita na nusu. Msimamizi aliteremka pamoja na mwanamume mwingine, akachungulia kibandani.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Vizuri. Mvue."

"Nimvue nini?"

"Sare, mama. Na viatu. Ni mali ya kampuni, na mwenzake anaingia zamu."

Mama Matone alipiga magoti, akafungua kamba. Mguu wa kushoto ulijitahidi kumsaidia. Wa kulia aliuvuta kwa mikono miwili mpaka kiatu kikachomoka. Akamfunika kwa koti lake, wakampakia nyuma ya gari.

Mlinzi mpya alikaa kwenye benchi, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akakanyaga chini kujaribu.

"Vinabana kidogo," alimwambia msimamizi, "lakini bado vina joto."

Akaenda kuwafungulia geti.