Mshipa Uliokataa Kusimama

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba nimelala kwenye hema la huduma ya kwanza. Mbio ndefu za Arusha zimekwisha, na Sista Yustina, muuguzi, ananitafuta mshipa ili anitundikie dripu.

Anapigapiga kiwiko changu kwa vidole viwili. Anabadili mkono. Kisha anasimama wima.

"Dada Natalia, mshipa umekimbia."

Nikatazama mlangoni. Kweli, ulikuwa unatoka, mwembamba, wa bluu, umevaa namba yangu ya kifuani. Ukashika barabara ya mlimani bila kugeuka nyuma.

"Ufuateni," ikasema dripu kutoka kwenye chuma ilikotundikwa. "Mimi nimeshafunguliwa. Nikiisha kabla haujarudi, basi."

"Hakuna nyingine?" akauliza Kocha Amsi, anayenifundisha mbio tangu nikiwa shuleni.

"Zipo. Lakini hizo za watu. Yake ni mimi."

Kocha akabeba kile chuma begani, tukakimbia. Matone yanaanguka vumbini, na kila tone linasema "samahani" kabla ya kutua. Mapaja yanawaka. Natazama chini: miguu yangu imeanza kuwa chumvi, kuanzia vidoleni.

"Usisimame!" anasema Kocha.

Mbuzi wanatokea shambani, wanaanza kunilamba huku nakimbia. Goti la kushoto limeshapungua.

"Tokeni!"

"Tunakupunguzia uzito, dada," anasema mbuzi mmoja kwa upole.

Kwenye kona iliyofuata barabara ikaingia jikoni kwa mama, Dongobesh, mbali kabisa na Arusha. Mama alikuwa anakoroga uji. Mshipa ulikuwa umekaa kwenye kigoda, unahema. Dripu ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Shikamoo, Mama. Naomba mshipa wangu."

"Marahaba, mwanangu. Uache upumue kwanza. Umeingia hapa unatetemeka."

"Rudi," nikauambia mshipa. "Nakufa."

"Tangu darajani unaniambia bado kidogo," ukajibu. "Tukapanda mlima, bado kidogo. Nikakauka, bado kidogo. Hata ulipovuka mstari ulikuwa unamtazama yule aliyekutangulia. Hukuniambia tumefika. Mimi ningejuaje?"

Goti lililobaki likalia kama kuni kavu. Kocha akaitazama dripu, kisha akafumba macho.

"Natalia," akasema taratibu, "uambie."

Mlima ulikuwa rahisi kuliko hilo. Mwaka mzima nilikuwa nimekimbilia nafasi ya kwanza, nikaikosa kwa upana wa kifua. Kusema tumefika kulikuwa ni kukubali kwamba hakuna pa kwenda tena kuitafuta.

"Tumefika," nikasema. "Tumekuwa wa pili. Tumefika."

Mshipa ukanyanyuka, ukaingia mkononi mwangu kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano. Mama akaacha mwiko, akaukamata mkono wangu, akaubana mshipa kwa vidole vitatu vyeusi vya masizi ya chungu.

"Choma sasa, haraka!" akamwambia Sista Yustina, ambaye alikuwa amesimama pale mlangoni kana kwamba ndipo anapokaa.

Tone la mwisho halikusema samahani. Liliingia.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, nami nilikuwa wodini. Sista Yustina mwenyewe aliinama kunitoa sindano.

"Jana ulitutisha. Tulitafuta mshipa mpaka tukakata tamaa, halafu ukajitokeza wenyewe."

Akaanza kubandua plasta, ile angavu inayoonyesha ndani. Akasita. Chini yake, kando ya sindano, kulikuwa na alama tatu nyeusi za vidole.

"Hapa nilipasafisha kwa spiriti kwa mkono wangu," akasema, "kabla sijabandika."

Akasugua. Pamba ikawa nyeusi. Akainusa, kisha akanisogezea.

Ilinukia moshi wa kuni, na uji ulioungua kidogo.