Swali la Tisa

Barua ya kibali ilikuwa na mihuri mitatu, na Naome aliibeba ndani ya mfuko wa nailoni ili jasho lisiifikie. Ulikuwa mwaka 1973. Barua ilisema kwamba utafiti wa rovu, ule uvimbe wa shingo unaowapata zaidi wanawake wa milimani, umeruhusiwa kufanyika Bwera na vijiji vya juu yake kwa miezi sita. Mtafiti mwenyewe alikuwa Daktari Semakula wa Kampala. Lakini aliyepanda vilima kila asubuhi alikuwa Naome, nesi wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Maliba, kwa sababu yeye alijua Lhukonzo, lugha ya milima ile, na Semakula hakuijua.

Kila nyumba alipima shingo kwa utepe, akaomba chumvi kijiko kimoja na kuifunga katika karatasi, kisha akauliza maswali kumi na mawili. Mnanunua chumvi wapi? Mnachota maji wapi? Nani mwingine katika ukoo ana uvimbe? Majibu aliyaandika katika fomu zenye namba tu. Majina yalikaa mbali na fomu, katika daftari jekundu lililoonyesha kila namba ni ya nani.

"Fomu bila daftari ni karatasi tu," Semakula alimwambia siku ya kwanza. "Hilo usiliache popote."

Lililomsumbua Naome ni swali la tisa: nani wanalala katika nyumba hii, na wasiolala wako wapi? Semakula alitaka kujua nani anakula chumvi ya wapi. Kule Kampala lilikuwa swali la chakula. Huku Bwera, ambako wapiganaji wa Rwenzururu, walioasi serikali, walikuwa msituni mwaka wa kumi sasa na wanajeshi wakiwasaka, lilikuwa swali jingine kabisa.

Namba 217 alikuwa Kabugho, mama wa watoto watano, mwenye uvimbe mkubwa kama yai la bata na kovu kidevuni. Alijibu maswali manane akiendelea kumenya mihogo. Kwenye la tisa aliweka kisu chini.

"Haya maneno yanakwenda wapi, binti yangu?"

"Kwa daktari tu, mama. Jina lako halitatoka kwangu."

Kabugho aliitazama kalamu. "Mume wangu Eridadi yuko juu," alisema taratibu. "Anashuka mara moja kwa mwezi kuchukua chakula. Na chumvi pia, maadamu ni chumvi unayouliza."

Naome aliandika: *mume yuko juu, hushuka mara moja kwa mwezi.* Aliandika kwa sababu alifundishwa kuandika kila jibu kama lilivyotoka. Njia nzima ya kuteremka alitamani kurudi akalifute, na hakurudi.

Wiki sita baadaye, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, Land Rover ya jeshi ilisimama mbele ya duka la Hanifah. Hanifah alikuwa mke wa Siraje, dereva wa lori, na chumba cha nyuma ya duka lake ndicho Semakula alichopanga kwa ajili ya utafiti. Semakula mwenyewe alikuwa Kampala. Hanifah alikuwa uani akichambua maharage. Aliposikia buti dukani, aliingia chumbani bila kubisha, akamnyooshea Naome ungo. Naome akalitia daftari jekundu chini ya maharage. Hanifah akatoka na ungo wake kama mtu anayewahi kubandika chungu.

Sajenti Zubairi aliingia na askari wawili, nyuma yao Byamukama, chifu wa pale, kofia mkononi.

"Nani alituma wewe kuhesabu nyumba ya watu?" Zubairi aliuliza.

"Sihesabu nyumba, afande. Ni utafiti wa ugonjwa. Barua hii hapa."

Zubairi alimpa chifu barua. "Soma."

Byamukama aliisoma akiitafsiri kutoka Kiingereza, sauti ikimkwama. Alisoma majina, tarehe, miezi sita. Kisha akaikunja. "Ndiyo hivyo tu, afande."

"Umeruka mstari," Naome alisema.

Byamukama alimtazama kwa macho ya kumsihi.

"Soma mstari," Zubairi alisema.

"Inasema... inasema habari za wagonjwa ni siri. Zisionyeshwe mtu yeyote ila daktari."

Zubairi alitikisa kichwa polepole, kama aliyesikia utani asioupenda. "Kampala iko mbali. Hapa mimi ndiyo Kampala. Beba yote!"

Askari walibeba maboksi ya fomu. Mmoja alipasua karatasi ya chumvi, akalamba, akatema. "Ni chumvi tu, afande."

"Beba na chumvi." Zubairi alimgeukia Naome. "Afande mkubwa anajua kusoma. Kama kuna kitu unaficha, nitarudi. Na wewe hapana toka hapa."

Akamwacha askari mmoja mlangoni, gari likaondoka.

Naome alipitia uani hadi jikoni. Hanifah alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, daftari likiwa mapajani mwake.

"Watakuta namba tupu," Naome alisema. "Watajua kuna orodha ya majina."

"Siraje anaondoka na lori mchana. Alipeleke Kasese?"

"Kutoka hapa hadi Kasese kuna vizuizi vitatu. Wakilikuta kwa Siraje?"

Naome alilichukua daftari, akalifungua. Nyumba mia nne na kumi na mbili. Miezi mitatu ya kupanda vilima, mvua, mbwa, wanawake waliomkaribisha ndizi za kuchoma. Bila daftari hili hakuna atakayeweza kurudi nyumba ileile kupima tena shingo ileile. Alimfikiria Semakula aliyehangaikia kibali mwaka mzima, ofisi hadi ofisi. Kisha akaona mwandiko wake mwenyewe: *217, Kabugho, nyumba ya pili juu ya kijito.*

Alilichana katikati, akasukuma nusu ya kwanza chini ya chungu.

"Nyingine," alisema Hanifah, akichochea kwa kijiti. "Upesi, nesi. Jalada linatoa moshi mbaya."

Walipomaliza, Hanifah alimwagia jivu maji machafu ya kuoshea maharage, akamwambia, "Sasa mwambie Mungu akusahaulishe."

Zubairi alirudi saa nane. Safari hii hakupaza sauti. "Afande mkubwa anasema hii namba iko na kitabu yake. Wapi kitabu?"

"Hakuna kitabu, afande."

Walipindua kitanda, wakamwaga magunia ya duka, wakachokoa mpaka mafiga. Zubairi aliokota kipande cheusi cha jalada, kidogo kama ukucha, akakinusa. Kisha akamgusa Naome kwenye paji la uso kwa kidole kimoja.

"Basi. Kichwa yako ndiyo kitabu. Twende."

Kambini walimweka katika stoo yenye harufu ya mafuta ya taa. Kapteni aliyemhoji alikuwa mpole na mwenye shati safi, na hilo lilimtisha Naome kuliko kelele za Zubairi. Aliweka fomu moja mezani.

"Namba 217. Mume yuko juu, hushuka mara moja kwa mwezi. Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, afande."

"Ni nani huyu?"

"Nimepima shingo zaidi ya mia nne, afande. Nakumbuka shingo. Majina sikumbuki."

Alikumbuka. Alikumbuka kisu, mihogo, kovu la kidevuni. Aliona kana kwamba jina limesimama kwenye ulimi wake, akifumbua mdomo litatoka lenyewe. Siku ya pili walimpigisha magoti juani juu ya kokoto tangu asubuhi, na kila saa Kapteni alitoka na ile fomu, akauliza swali lilelile kwa sauti ileile. Adhuhuri mke wa askari mmoja, aliyeitwa Amony, alipita na ndoo kichwani. Aliishusha kama aliyechoka, akamnywesha Naome kwa kiganja chake, akajitwisha ndoo na kuondoka. Kapteni aliporudi, Naome alianza kuzitaja shingo moja moja: uvimbe wa kulia, uvimbe wa kati, sentimita thelathini na tisa, arobaini na moja. Alizitaja mpaka sauti ikakauka. Kapteni aliikunja fomu, akaingia ndani.

Siku ya tatu Semakula alifika. Siraje alikuwa amempigia simu kutoka Kasese. Alikuja na ofisa wa serikali na barua mpya, ndefu kuliko ya kwanza. Wakamwachia Naome, na utafiti ukasimamishwa.

Ndani ya gari Semakula aliendesha akitazama mbele. "Ungelificha," alisema. "Ungelizika hata shambani. Mwaka mzima, Naome!"

"Daktari, lile swali la tisa uliliandika wewe," Naome alisema. Magoti yake yalikuwa yamevimba hata hakuweza kuyakunja. "Uliliandika mezani. Mimi ndiye niliyewauliza."

Walifika daraja la Mubuku. Hapo Semakula alisimamisha gari pembeni, akaegemea usukani, akasema, "Nisamehe."

Ilichukua miezi minane kibali kipya kupatikana. Fomu mpya zilikuwa na maswali kumi na moja. Naome angeweza kukataa kazi, na mama yake alimwomba akatae, lakini alisema kwamba ni yeye aliyegonga ile milango na ni yeye atakayeigonga tena.

Alimkuta Kabugho nje, akianika kahawa. Uvimbe ulikuwa umeongezeka. Kabugho aliuona utepe wa kupimia, akasimama mlangoni mwake.

"Askari walikuja," alisema. "Baada yako. Kila nyumba ya kijito hiki. Walivunja vyungu, wakampiga mkwe wangu wakiuliza nani mume wake yuko juu. Walijuaje kuna wa kuulizwa?"

Naome alifungua mdomo. Alitaka kumweleza habari ya moto, stoo na kokoto. Lakini fomu ile waliyoisoma askari ilikuwa na mwandiko wake, na vyungu vilikuwa vimevunjika.

"Waliona nilichoandika, mama, pamoja na kijito mnakochota maji. Jina hawakuliona. Lakini nilikosea kuandika."

Kabugho alitikisa kichwa. "Shingo yangu sipimwi tena," alisema. "Wala chumvi yangu sikupi."

"Ni haki yako, mama."

Naome aliandika *amekataa*, akamgeuzia karatasi aione. Kabugho hakujua kusoma, lakini aliinama akalikodolea macho lile neno moja, akahakikisha halina jingine mbele wala nyuma yake. Kisha akarudi kwenye kahawa yake. Naome akachukua mfuko, akashika njia ya kwenda nyumba inayofuata.