Mistari Tisini na Sita

"Mwanangu, ule mstari umekwenda wapi?"

Mama Zaida alikuwa ameweka kidole juu ya kioo cha kompyuta, palepale kwenye jina la Yassine, na hakukiondoa. Unga wa muhogo ulikuwa umemkaukia kwenye maungio ya kidole. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, feni inazunguka kwa kulalamika, na mji wetu wote wa Olumbi unanuka vumbi la barabarani. Niliinama nikatazama. Jina la mwanawe lilikuwa limekaa jeusi, safi, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, halikupitiwa na kitu.

Nikamjibu. Huu ni mwaka wa pili ninalibeba jibu lile, na halijapungua uzito.

"Mama, mstari hauondoki wenyewe. Ukiona umeondoka, ujue kuna mtu ameleta habari."

Mimi ni mtu wa kukumbuka. Hiyo ilikuwa kazi yangu kabla sijapata kazi nyingine. Kwenye mikutano ya wakubwa nilikuwa nasubiri hotuba iishe, halafu nasimama na kidaftari changu. Chefe, mkubwa wetu, tarehe kumi na nne Agosti ulisema kisima kitakuwa tayari kabla ya mvua. Hii ni mvua ya nne. Watu wanacheka, mkubwa anatabasamu, na nyuma yake kuna mtu anaandika jina langu. Wameliandika mara nyingi. Mara moja walinilaza kwenye sakafu ya mahabusu siku tatu ili nijifunze kusahau, nikatoka na tarehe ya siku niliyoingia.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea. JavaScript, lugha ya kuandikia tovuti, niliisoma Nampula, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa deslocado, mkimbizi wa vita ndani ya nchi yangu mwenyewe, nimepanga foleni ya mchele. Mtu ana hasira na hana shamba la kulima. Lazima hasira ailimie mahali. Mimi nililimia humo.

Tuliporudi Olumbi, tulikuta ofisini kwa chefe kuna orodha ya mabati yaliyogawiwa, orodha ya mablanketi, orodha ya ndoo. Orodha ya watu wetu waliopotea haikuwepo. Niliuliza. Wakaniambia jambo hilo liko ngazi ya juu. Ngazi ya juu! Kana kwamba wafu wetu wamepanda ghorofani.

Aliyekuwa na orodha alikuwa mwanamke mmoja, Dona Felismina, mwalimu, Mkristo wa huko bara kwenye uwanda wa Mueda. Alikuwa amepita kambi kwa kambi na daftari gumu, kila mtu ukurasa wake: jina, kwao, siku ya mwisho kuonekana, sababu ya safari kama alikuwa safarini, alivaa nini, nani alimwona. Kurasa mia nne na kumi na mbili. Na katika baadhi ya kurasa, jina lilikuwa limepigwa mstari mmoja kwa rula.

Mstari ule hakuubuni yeye. Ulianzishwa na familia. Alipokuja mtu na kusema, nimemwona fulani amelala chini na hakuamka, familia ilikuwa inabaki njia panda. Kuandika "marehemu" hawakutaka, maana hawakuosha mwili, hawakuchimba kaburi. Na neno hilo likishaandikwa, mjane anaingia eda, vitu vinagawanywa, na kama mtu atarudi atakuta amekwishamalizwa. Kuacha jina kama lilivyo nako hawakuweza. Kwa hiyo walikuwa wanaomba rula. Mtu wa damu ndiye anayepiga mstari, kwa mkono wake, Dona Felismina anageuza uso pembeni. Hakuna anayesema neno. Mstari ukitaka kuondolewa, Dona Felismina peke yake ndiye wa kuuondoa, tena kwa habari iliyothibitika.

Nilipojenga tovuti ya kuziweka kurasa zile, mwanzo niliweka sanduku la kawaida la kuandikia. Maneno yote yanatoka sawa, hayana uzito. Dona Felismina alilitazama kwa dakika moja.

"Mano Hamido, kaka yangu, na mstari?"

"Dona, tutaandika kwenye mabano: amepigwa mstari."

"Ungemwandikia hivyo mdogo wako?"

Mdogo wangu Abdurrazaque yumo katika daftari lile.

Ndipo nikatafuta kihariri, kile kijiprogramu kilichotengenezwa tayari na watu wengine, unakifunga ndani ya ukurasa wako na sanduku linapata vitufe juu yake: herufi nene, herufi za mlalo, orodha, na kitufe chenye herufi iliyokatwa katikati. Wiki tatu nilihangaika kukiunganisha. Kinafunguka mara mbili, kinameza nilichoandika, kinakataa kwenye simu ndogo. Mpaka siku moja nikaandika jina, nikalichagua, nikabonyeza, na mstari ukapita. Nikafunga ukurasa, nikaufungua tena: upo. Kioo kinakuonyesha mstari, lakini ndani yake kihariri kimeandika alama mbili ndogo, moja kabla ya jina na moja baada yake. Hizo ndizo zinazokwenda kuhifadhiwa. Zikipotea, mstari umepotea, na jina halibaki na kovu.

Nilifurahi. Nasema ukweli, kama mwendawazimu nilifurahi kwa sababu naweza kuwakata wafu.

Familia zikaja, kwa siku zao, kubonyeza zenyewe. Mistari tisini na sita. Mama Zaida alikuja na binti yake, Nazira. Yassine alikuwa amekwenda Mucojo kufuata samaki wakavu, na huko kuna mtu alimwona, au alimwona kijana mwenye shati lake, amelala kifudifudi nyuma ya nyumba. Nazira alilichagua jina. Mama akabonyeza. Tangu hapo, kila Ijumaa, alikuwa anakuja kulitazama, kama wenye makaburi wanavyokwenda makaburini.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Alikuja mama mmoja, senhora wa mjini, kutoka Pemba, wa shirika fulani, jina lake na la shirika lake nayajua na siyaandiki, kwa sababu kosa si lake. Alisema orodha yetu anaweza kuifikisha kwa watu wenye uwezo wa kutafuta. Akakaa kwenye kiti changu, akaanza kushusha ukurasa. Ndugu zetu, baada ya kujua sanduku linapokea kila kitu, walikuwa wanaleta maandishi kutoka kwenye simu zao jinsi yalivyo: herufi kubwa za kijani, nyekundu, maua, dua yenye rangi ya dhahabu, picha ya njiwa.

"Senhor Hamido," akasema, "huu ukurasa unaumiza macho. Kule ninakoupeleka hawatausoma. Usafishe kabla ya Jumamosi."

Mimi niliyewasomea wakubwa tarehe zao. Mimi niliyelala sakafuni. Nilisema nini? Nilisema, "Sim, senhora," ndiyo, mama. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari.

Siku ile ile, Alhamisi, nikaweka chujio. Unakipa orodha ya alama zinazoruhusiwa, na kila isiyokuwemo inakatwa. Orodha sikuitunga, niliinakili kutoka mfano uliokuwa tayari kwenye mtandao: aya, herufi nene, herufi za mlalo, orodha, basi. Mfano wa mtu fulani, wa nchi fulani, ambaye hakuwa na mtu wa kumpigia mstari. Na sikutosheka kuchuja maandishi yatakayokuja. Nilikipitisha chujio juu ya kurasa zote mia nne na kumi na mbili na kuhifadhi juu ya zile za zamani. Nakala ya akiba sikuweka. Ilichukua sekunde nne. Nikatazama ukurasa wa kwanza: rangi zimekwisha, njiwa hayupo, maandishi yametulia kama darasa lenye mwalimu mkali. Ukurasa wa kwanza haukuwa na mstari tangu awali. Nikafunga mashine nikaenda kula.

Kwa hiyo Ijumaa, Mama Zaida aliponiuliza, nilijibu kwa moyo mmoja. Nilimwamini Dona Felismina, na nilikiamini kitu nilichokijenga.

Alikaa kwenye benchi taratibu. "Nani ameleta habari?"

"Mwenye ruhusa ya kuondoa mstari ni Dona Felismina. Yuko Mueda mazikoni, simu haipatikani. Akirudi tutamuuliza."

"Lakini yeye ameshapata habari."

"Ndiyo maana yake, mama."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kicheko cha msichana, kimekaa kifuani siku nyingi. "Nilisema mimi! Mtoto yule ana miguu ya kuku, hatulii mahali. Nani angemkamata? Na yule shahidi uso hakuuona. Shati, shati! Mashati ya Yassine mji mzima wanayavaa, alikuwa anawaazima watu kama mjinga." Akasimama, akajifunga kanga upya, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kunisomea dua. Unga wake ulinibaki kwenye nywele.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natayarisha ukurasa kwa ajili ya senhora. Nikashusha, nikashusha, nikafika kwa Abdurrazaque. Jina lake lilikuwa zima.

Mdogo wangu nilimzika mwenyewe, baada ya mwaka mzima wa kumtafuta. Mifupa yake niliikusanya kwenye shuka, nikaielekeza kibla. Mstari wake nilikuwa nimeuacha, sikuandika "marehemu", kwa sababu mama yetu ndiye aliyeupiga. Dona Felismina angepata wapi habari za kuufuta? Nikatazama jina lile safi, nikaikumbuka orodha ya alama nilizoziruhusu: alama ya mstari haikuwemo. Nikafungua ukurasa wa pili. Wa tano. Wa tisini. Wote wamefufuka. Nilikuwa nimewafufua wote kwa sekunde nne, kwa kumwogopa mwanamke mwenye gari jeupe.

Nilikimbia bila viatu. Nazira alikuwa anafagia uwanja.

"Mama yuko wapi?"

"Kaondoka na chapa ya kwanza, gari la abiria la alfajiri. Kaenda kumchukua Yassine." Alinitazama miguuni, halafu usoni. "Si wewe uliyemwambia, mano?"

Dereva wa chapa ile alikuwa Gildo, nilimpigia mara kumi na moja mpaka akapokea. Alikuwa amekwishamfikisha mpaka Macomia. Huko Mama Zaida akapanda pikipiki ya kuelekea Mucojo. Siku zile njia ile hata mwenye bunduki alikuwa anafikiri mara mbili.

"Sikumwacha hivi hivi, mano, nilimkataza," Gildo alisema. "Lakini mama yule unamkataza vipi? Njia nzima anaimba. Abiria wote wanajua jina la mtoto wake."

Simu ya Mama Zaida iliita mara moja. Mara ya pili haikuita.

Senhora alifika saa nne, akashusha ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa hii ndiyo kazi," akasema. Nilimpa maji ya kunywa. Sijui kwa nini, katika maisha yangu yote ya ugomvi, siku ile nilikuwa na adabu.

Dona Felismina alirudi siku ya nne. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe," akasema, "unayewasomea wakubwa maneno yao."

Akafungua daftari. Tukairudisha mistari siku mbili, yeye anasoma, mimi nachagua jina na kubonyeza. Alikataa niandike programu ya kufanya yote kwa pamoja. Alitaka niwapite mmoja mmoja, na alikuwa na haki. Kwa wale ambao familia zao hazikuja kutazama wiki ile, hakuna aliyejua. Wengine walikuwa wamekwishaona, wakapika, wakaita majirani. Kwao tulikwenda nyumbani, mimi nikazungumza, na katika nyumba moja mzee alinitemea mate, akafanya vizuri. Tulipofika kwenye jina la Yassine, Dona Felismina alifunga daftari. "Huyu tumwache," akasema. "Mwenye mkono uliompiga mstari hayupo."

Ikapita mvua moja. Nilikwenda kwa askari, kwa mashirika, kwa chefe yule yule wa kisima. Nilitoa taarifa ya Mama Zaida, nikapewa namba, nikaambiwa ngazi ya juu. Kwenye mikutano sisimami tena. Kidaftari ninacho, lakini nikikifungua naona tarehe moja tu ndani yake.

Halafu asubuhi moja Nazira akaja, peke yake, akavua kandambili mlangoni kama mgeni.

"Nataka kumwandika mama."

Nilimpisha kwenye kiti. Sheria yetu ni kwamba mtu wa damu huandika mwenyewe. Akaandika jina, akaandika Olumbi, akaandika kanga ya kahawia yenye korosho nyekundu na viatu vya plastiki, kimoja kimeshonwa. Aliandika kwa kidole kimoja, na kila baada ya neno alikuwa anatazama kioo kuona kama limekubali. Nilisimama nyuma yake nikitazama shingo yake. Akafika mahali akasita.

"Hapa panauliza sababu ya safari."

"Ndiyo."

"Niandike nini?"

"Andika: aliambiwa na Hamido kwamba mwanawe yu hai. Weka jina langu lote. Weka na tarehe, nitakutajia."

Hakugeuka. Feni ilizunguka. Nje kulikuwa na mtu anauza mihogo, anaita kwa sauti ya kukwama.

"Wewe, mano, kila mahali unataka uandikwe," alisema.

Akaandika: Kumfuata mwanawe. Akabonyeza kuhifadhi, akavaa kandambili zake.