Kitanda Mtaroni

Mvua ilipoanza, mke wa Mzee Mtaro alianua nguo, akapandisha unga juu ya kabati, akamvisha mumewe sweta. Kisha akafungua mlango, maji yakaingia. Zamani yalikuwa yakivunja bawaba. Siku hizi walishazoeana.

Maji yalikinyanyua kitanda na mzee juu yake, yakapinda nacho mlangoni taratibu, yasije yakamgonga ule mguu unaomuuma.

"Usikae sana kwenye baridi," mke alisema.

"Nakagua tu, Mama Watoto."

Mzee alikuwa amezibua mtaro wa mtaa ule maisha yake yote, hata jina likamgandia, mpaka miguu ilipomkatalia. Maji hayakumsahau. Kila mvua yalikuja kumchukua, naye akapita mtaroni amelala, akinyoosha bakora: hapa mchanga umejaa, pale nani tena katupa nepi? Majirani waliosimama na majembe walimwamkia, wakazoa alipoonyesha. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyenung'unika, kwa kuwa nepi zilikuwa za mjukuu wake.

Safari iliishia ukutani. Mwenye ghala alikuwa amejenga juu ya mtaro, akauziba, na maji yakakosa pa kwenda ila majumbani mwa watu. Kitanda kiligonga ukuta, kikangoja kidogo, kikarudi nyumbani. Mzee alibaki na hamu moja tu: kuuona mto, kule mtaro wake ulikokuwa ukimwaga, kabla hajafumba macho. "Bado," alimwambia mkewe kila aliporudi. Mke alimkausha miguu kwa taulo.

Siku moja mke alivaa nguo zake za heshima, akaenda ghalani.

"Baba, bomoa kidogo tu, kitanda kipite. Mume wangu hana siku nyingi."

"Pole sana, mama," alisema mwenye ghala, na kweli alikuwa mpole. "Ukuta sibomoi, humu mna mizigo ya watu. Ila sitakurudisha mikono mitupu. Nitawawekea bomba."

Akaliweka. Bomba lenyewe, unene wa mkono wa mtoto! Mke alishukuru hivyo hivyo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mzee aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa.

Ugonjwa nao haukulala. Mzee alikonda, akakonda, sweta likamkaa kama limeanikwa. Mvua ya mwisho ya msimu ilipobisha, mke alimbusu kwenye paji la uso, akafungua mlango.

"Sichelewi," mzee alisema.

"Chelewa," mkewe alimwambia. "Ukifika, chelewa."

Jioni kitanda kilirudi kimetandikwa, sweta limekunjwa juu yake. Fundi cherehani alikifuata nyuma, jembe begani.

"Dada, kapita. Kwanza mkono, kisha kichwa, halafu huyoo, mzima mzima. Tumemsikia upande wa pili akiuambia mto, 'Kumbe bado upo!'"

Mke aliketi kitandani akalia. Maji yalikuwa yamemfika magotini, yakatulia mpaka alipomaliza.

Asubuhi, maji yakiwa bado sebuleni, alichukua jembe la mumewe akaenda kuzibua bomba, kwani lilikuwa limejaa nepi. Mwenye ghala, aliyekuwa juu ya ukuta akiongeza tofali, alimpa pole.