Beki Aliyeguswa Mgongoni

Naapa kwa miaka thelathini na moja niliyopeperusha bendera ya kijani stesheni ya Kilosa bila behewa hata moja kulala ubavu: haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi. Palipohitaji chumvi nimepaacha chapwa, mtu asije akaniita mwongo uzeeni.

Ditram alikuwa beki wa kati na nahodha wa shule moja ya sekondari pale Kilosa. Mtoto wa milimani, wa Berega, mama yake Agnesi analima maharage na kuimba sauti ya pili kanisani. Miguu yake ilikuwa nguzo za daraja. Lakini kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa pazia, na timu nzima ilikuwa duka la mapazia. Kona ikipigwa, wapinzani waliwafungua kushoto na kulia wakapita. Mwaka uliotangulia shule ya Mikumi iliwatia manne, yote ya kichwa, na mashabiki wa Mikumi wakawapelekea pakiti ya pini za kuanikia nguo, ati wakajibane ukutani wasipepee.

Mwalimu Rafaeli, kocha wao, hakucheka. Likizo ya Aprili ilipofika alipakia vijana kumi na wanane kwenye Fuso la pumba za mpunga akawashusha Mikumi kwenyewe, mdomoni mwa adui, mbele ya gesti ya Filomena.

Filomena alianza judo jeshini, akaenda Dar es Salaam akajifunza ule mchezo ambao vijana wanauita MMA: ngumi zimo, mateke yamo, mieleka imo, na roba ya kukaba shingo imo. Alipochoka kupigana alirudi kufungua gesti kando ya barabara kuu ya Iringa. Nyuma ya gesti kulikuwa na ua, na uani alitandaza maturubai ya malori juu ya pumba. Madereva walimheshimu. Nyani pia. Mmoja aliwahi kuingia jikoni kuiba chapati. Filomena alimkamata akampiga roba, na yule nyani, kwa macho yangu, akagonga sakafu mara mbili kuomba radhi. Mpaka leo akipita pale anashusha macho.

"Shikamoo, mama," vijana wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Laleni chini."

"Mama, sisi tumekuja kwa ajili ya mpira," Ditram akasema.

"Mpira uko shuleni kwenu. Hapa kuna shingo. Lala."

Wiki tatu walizoishi pale hazikuwa na siku moja tamu. Alfajiri walikimbia kando ya barabara, na vijana wa pale wakawarushia maganda ya machungwa. Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni Lupakisyo, mshambuliaji wa shule ya Mikumi, mtoto wa fundi pancha. Mrefu, mkavu, na maneno yake yalivuja kama tairi lisilozibika.

"Oya Kilosa! Mnalipia kuangushwa? Sisi tunawaangusha bure kila mwaka!"

"Subiri Juni," Ditram alijibu.

"Juni utanipisha mlango, beki. Utasema karibu na utanipa kiti."

Ditram alimeza. Hasira ile aliingia nayo uani kila asubuhi, na siku ya tano ikamponyoka. Alikuwa amemkaba Yared, kipa wao. Sheria ya mchezo ni kwamba aliyezidiwa anamgusa mwenzake mara mbili, na mwenzake anaachia. Yared aligusa. Ditram hakuachia. Alikuwa anakaba shingo ya Yared lakini kichwani alikuwa na shingo ya Lupakisyo. Yared akageuza macho, akalegea kama kanga iliyoloa.

Filomena alimwagia Yared ndoo ya maji, akamgeukia Ditram.

"Umemsikia akigusa?"

"Nimemsikia, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Nani alikutuma ufikiri? Kuachia si jambo la kufikiri. Ni kama kupepesa jicho. Usipolijua hilo wewe si mpiganaji, wewe ni kibaka."

Kuanzia siku hiyo aliwaamuru wote kumi na saba wamguse Ditram mara mbili mgongoni popote watakapomkuta, na chochote alichoshika akiachie hapo hapo. Asipoachia, anabeba tairi la lori kuzunguka uwanja mara ishirini. Walimgusa akiwa na ndoo ya maji. Walimgusa akiwa na tonge la ugali karibu na ulimi. Walimgusa akipiga mswaki. Siku za kwanza alibeba tairi mpaka likamwachia alama begani. Kufikia wiki ya tatu mkono wake ulikuwa unafunguka wenyewe. Ukimgusa usingizini, anaachia shuka.

Juni ikafika. Fainali ya wilaya, Kilosa na Mikumi, uwanja wa Kilosa. Mapazia yalikuwa yamegeuka kuta. Kona zilikuja, na washambuliaji wa Mikumi walikuwa wanaruka na kurudi chini kama waliogonga dari. Lupakisyo alikuwa anamchokoza Ditram tangu dakika ya kwanza.

"Mama yako anauza maharage, beki, nenda kamsaidie."

Ditram kimya.

"Unanuka pumba."

Bao zilikuwa moja kwa moja, na dakika zilikuwa zimebaki mbili.

Hapo ukaja mpira mrefu kutoka nyuma, ukadunda mara moja kuelekea kwa Yared golini. Ditram aliuwahi, akaweka mwili kati ya mpira na Lupakisyo kama alivyofundishwa, makalio nyuma, mikono wazi, mguu umejichimbia. Mpira ule ulikuwa wa kipa. Hata mbwa waliokaa nyuma ya goli walijua ni wa kipa. Lupakisyo alisukuma, ukuta. Akajaribu kushoto, ukuta. Kisha akatulia, akanyoosha vidole viwili, akamgusa Ditram mgongoni. Tap, tap. Polepole, kama mtu anayebisha kwa mkwewe.

Ditram akafunguka.

Alishusha mikono, akasogea pembeni hatua nzima. Lupakisyo akapita, akampiga chenga Yared, akaingia na mpira golini kwa mwendo wa kutembea. Kisha ukaanza kutoka upande wa jukwaa mlio nisioutamani tena.

"Ameuza! Ameuza mechi!"

Ditram alikuwa amesimama anaitazama mikono yake.

Mwalimu Rafaeli alimfuata mpaka katikati ya uwanja, akamvua kitambaa cha unahodha mbele ya watu.

"Mwalimu, amenigusa. Amenigusa mara mbili."

"Kwa hiyo ukiguswa unampisha mtu golini?"

"Ndiyo, mwalimu."

Watu waliokuwa karibu walicheka kicheko kibaya. Mama mmoja akamtemea mate miguuni. Hilo neno la kuuza lilipanda gari kabla yake, na alipofika Berega kwa mama yake lilikuwa limeshakaa kiti cha mbele kanisani.

Sasa, kombaini ya wilaya, ile timu ya wachezaji bora wa shule zote wanaokwenda Morogoro, ilikuwa imekabidhiwa kwa Rafaeli huyo huyo. Jina la Ditram lilikuwa la kwanza kwenye orodha, akalikata. Lupakisyo alikuwemo. Mazoezi ya kwanza Ditram aliitwa aje kurudisha jezi tu.

Alikuja. Aliiweka jezi chini, ameikunja vizuri, akageuka kuondoka. Laiti Lupakisyo angeyameza maneno yake.

"Jamani mlango wa gesti unaondoka! Ukigongwa mara mbili unafunguka! Mama yake naye hivyo hivyo?"

Hakuna aliyeona Ditram alivyofika. Walichokiona ni Lupakisyo chini, Ditram mgongoni kwake, roba imeshaingia, na safari hii shingo ilikuwa yenyewe. Watu wanane walimvuta mikono, wapi. Rafaeli alipuliza filimbi sikioni mwake mpaka kigololi cha ndani kikaruka. Uso wa Lupakisyo ulishakuwa rangi ya zambarau, visigino vinachimba mchanga. Alipiga ardhi kwa kiganja, lakini ardhi haikuwa mgongo wa Ditram.

Yared alikuja mbio kutoka golini. Hakuvuta. Aliinama, akamgusa Ditram mgongoni mara mbili.

Mikono ikafunguka. Papo hapo, kama kufuli. Ditram alibaki amepiga magoti na hasira yake yote usoni, mishipa imemtoka, na mikono mitupu, hajui imefunguka vipi.

Rafaeli aliliona kwa macho yake. Akamsogelea.

"Hukuiuza."

"Sikuiuza, mwalimu."

"Na wewe," akamgeukia Lupakisyo aliyekuwa anakohoa, "ulijuaje pa kugusa?"

"Nilichungulia, mwalimu. Kuna tundu kwenye ukuta wa Filomena."

Basi mambo yakaisha. Lupakisyo akaomba msamaha, Ditram akakubali, wakapeana mikono, Rafaeli akamfunga kitambaa mkononi, na kombaini ikaenda Morogoro ikiongozwa na mtoto wa Berega.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini, nikazichukua karatasi zangu mpaka kwa Filomena nimsomee, maana yumo. Alinisikiliza barazani pa gesti akichambua mchele. Habari ya nyani ilimfanya aguse paji la uso, lakini aliniacha nipite. Nilipofika mwisho alisimamisha ungo.

"Tundu gani?"

"La ukutani."

"Ukuta wangu wa tofali, futi nane, juu una vipande vya chupa. Simama, babu. Nenda kanionyeshe tundu."

Sikusimama.

"Na kitambaa kipi? Kombaini inaondoka Jumamosi. Leo Jumanne, na Ditram yuko Berega anapalilia maharage, kwa sababu Lupakisyo aliulizwa pale pale nani alimwambia na akafunga mdomo. Rafaeli akasema, mlikuwa kumi na wanane ndani ya ukuta, na mwenye siri ya mgongo wake ni mwenye mgongo. Kwa hiyo alimwambia mwenyewe. Kwa hiyo aliuza. Wewe huyu unamwandikia harusi wakati mtoto wa watu yuko msibani?"

"Filomena, hadithi inahitaji mwisho."

"Uani kwangu aliingia nani zaidi ya wale vijana? Aliyekuwa ananiletea mkaa wiki zote tatu na kukaa kwenye ndoo kuangalia, alikuwa nani?"

Nikatazama barabara. Malori yalikuwa yanapita.

Ilikuwa hivi. Pale Mikumi, nilikohamia baada ya kustaafu, kwa fundi pancha kuna benchi la kahawa. Mtu akiwa mstaafu benchi ndiyo ofisi yake, na ofisi inataka habari. Niliwasimulia habari ya kijana anayeachia tonge akiguswa, nikaigiza na mdomo wazi, watu wakafa kwa kicheko. Mtoto wa fundi alikuwa amechuchumaa anaziba tyubu. Yeye hakucheka. Aliniuliza, kwa adabu kabisa: "Babu, ni lazima mgongoni?" Nami nikamwambia, mgongoni ndiyo hasa.

"Mungu akusamehe," Filomena akasema, "mimi bado." Akachukua simu akampigia Agnesi, akaiweka sauti kubwa, akanisogezea mdomoni. "Sema. Na usiongeze hata punje."

Nilisema kwa sentensi nne. Sijawahi kusimulia jambo kwa sentensi nne tangu nizaliwe.

"Jina la mwanangu umelichafua mbele ya watu," Agnesi akasema. "Utalisafisha mbele ya watu. Kwanza kwa mwalimu na timu yake yote. Halafu uje hapa na jogoo, kwa miguu yako, usimtume mtu."

Jumatano nilisimama uwanjani Kilosa, vijana ishirini na wawili wamenizunguka, Lupakisyo ana alama shingoni. Nilirudia zile sentensi nne. Rafaeli alinitazama kama mtu anayetazama mfereji uliopasuka.

"Mzee, umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Toka uwanjani kwangu."

Jioni ile nilipanda kilima cha Berega na jogoo kwapani, ananidonoa kila kona. Ditram alikuwa shambani na jembe. Kijana yule tangu namjua hakuwahi kupishana nami bila shikamoo, hata siku ana homa. Alinitazama nikija kutoka chini mpaka nikafika, na shikamoo hakuitoa.

"Mwalimu amesemaje?" aliuliza.

"Uje Alhamisi asubuhi na viatu. Kitambaa amesema ataangalia."

Akarudi kulima. Mama yake alitoka nyumbani akifuta mikono, akampokea jogoo, akampima kwa kumnyanyua mara mbili, akampapasa kifua.

"Huyu ni mfupa mtupu," akasema. "Umenunua manyoya. Kuna Mzee Marko bondeni anafuga; bado hajafunga banda. Nenda kalete mwingine."

Nilikuwa nimeshaanza kuteremka alipoita tena, na sauti yake ya pili ilisikika bonde zima:

"Na huyu wa kwanza simrudishi!"